Ukurasa wa Nyuma wa Daftari la Kemia

Laki tatu na elfu arobaini.
Nimezihesabu mara nne, na mara ya nne
hazikuongezeka.

Pesa za pancha. Tanga hii ya baiskeli
haimnyimi fundi mia tano,
ila haimpi laki kwa mkupuo.
Miezi saba nimeziba matundu ya watu, Mabawa hadi Makorora,
nikiota kadi moja ya michoro
yenye feni mbili na jina refu kama la jini.

Mwantumu, mdogo wangu, kidato cha tatu,
ameligeuza daftari la Kemia kichwa chini miguu juu,
akapiga mstari katikati ya ukurasa wa mwisho:
huku Kinachotakiwa, huku Kinachowezekana.
Mstari wenyewe umepinda,
umelalia upande wa kutaka.

Kadi: laki mbili na themanini, kwa Kaniki, Barabara ya Nane.
"Imetumika kidogo tu, kaka, ilikuwa ya mtoto wa shule."
Nikainusa. Fundi hunusa.
Ilinuka vumbi lililokaangwa,
na skrubu zake zilikuwa na makovu ya bisibisi
kama baiskeli iliyopita mikono ya mafundi sita.
Mtoto gani huyo wa shule asiyelala?

"Na prosesa yako?" Mwantumu akauliza.
Ya miaka kumi. Mstaafu.
"Basi umemfunga farasi na punda mkokoteni mmoja.
Atakayeamua mwendo ni punda."
Akamchora punda, pembeni ya hesabu za moli.

Nikasema, tutafute kadi ndogo kidogo.
Akaandika. Akakata.
RAM, gigabaiti nane juu ya nne zilizopo.
Akaandika. Hakukata.
Diski isiyozunguka, ile ya kimya.
Akauliza bei, akaiuma kalamu, akaandika.
Pawa saplai.
Hapo nikanyamaza mimi.

Maana ninayo, ilikuja na boksi,
haina hata kibandiko cha kusema inabeba wati ngapi,
na umeme wa Mwanzange unavyojua kuondoka bila kuaga
ukarudi na hasira,
kila taa ikiyumba sebuleni
nausikia moyo wangu ukizimika bila kuhifadhi.

Hakuna anayejisifia pawa saplai.
Hatakuja mtu kwetu aseme, hebu nione wati zako.
Ni kama spoku:
watu husifu rangi, husifu kengele,
spoku hukumbukwa shimoni.

Jumamosi nikarudi kwa Kaniki.
Akaiweka kadi juu ya kaunta, ikimetameta,
akaisukuma kuelekea kwangu
kwa kidole kimoja, kama muuza mikufu.
Nikamwambia, nipe ile nyeusi, nzito, ya rafu ya chini.
"Pawa saplai tu?"
Na diski. Na RAM.
Ile "tu" yake iliniuma mpaka Barabara ya Kumi na Tano.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na boksi langu liko mvunguni hasa, chini ya meza ya cherehani ya mama.
Niliinama. Nilipiga magoti,
simu mdomoni ikimulika,
Mwantumu akinipa skrubu moja moja kutoka kwenye kisosi.
Nikabonyeza.
Feni ikapumua; zamani ilikuwa ikikoroma.
Sekunde kumi na mbili, kioo kikawaka.
Zamani ningetumwa sukari, nikarudi, bado.

Mchezo tunaucheza kwa picha za chini kabisa:
nyasi ni zulia,
maji ni bluu ya ndoo,
maadui hawana nyuso mpaka wakukaribie.
Saa mbili na dakika ishirini taa ikayumba.
Tukatazamana.
Boksi halikuyumba.

Kwenye mazabodi kuna nafasi ndefu, tupu.
Nimeipuliza vumbi, nikakirudisha kizibo chake.
Na kule kwenye daftari, Mwantumu ameirudia kadi,
ile ile, upande wa kutaka.
Mbele yake ameandika: mwezi wa kumi na mbili,
na chini, kwa herufi ndogo,
ikiwa matairi ya watu yataendelea kutoboka.