Mstari wa Vendelín

Theluji haiondoki kwa heshima.
Huku bondeni kwa mto Hornád, Slovakia,
inang'ang'ania nyuma ya goli la kivulini,
chafu, ngumu, kama mgeni aliyekwisha kula
na bado anatafuta kofia yake.

Mwezi wa tatu, Jumamosi, saa moja asubuhi.
Funguo za banda anazo Bohdana.
Mwaka jana zilikuwa mfukoni mwa baba yake,
zikilia kwa kila hatua ya ule mguu mfupi.

Tumekuja wanne. Wawili bado wana harusi ya jana kichwani.
Mimi ni kipa, kwa hiyo najua upara ulipo:
hatua tatu mbele ya mstari, hapo nyasi
hazijawahi kuota tangu nivae glavu.
Nachoma uma, naukanyaga, nauyumbisha,
na kila tundu linakohoa maji.
Ardhi ilikuwa imebana pumzi tangu Novemba.

Fuko naye hakulala.
Vichuguu kumi na saba. Matúš alivihesabu kwa matusi,
tusi moja kila kichuguu, bila kurudia,
kisha tukavisomba kwa toroli
hadi kwenye upara wangu,
maana udongo wa fuko ni laini
kama unga uliochekechwa mara mbili.
Basi adui ametulimia bure.

"Tusishindilie bado," akasema Bohdana.
Alikuwa amefinyanga tonge la udongo, akaliangusha.
Likanata.
"Baba alisema: likipasuka, leta gurudumu.
Likinata, leta chai."
Tukaleta chai. Tukakaa juu ya gurudumu lenyewe,
kilo mia nne za subira,
hadi upepo wa mlimani ulipotukaushia kazi.

Chokaa ikaja mwisho, alasiri.
Alifunga kamba kutoka kibendera hadi kibendera,
akaikaza hata ukiigusa inavuma.
Akasukuma kigari bila kuinua uso.
Nyuma yake mstari ukanyooka kama kauli ya hakimu.

Ndipo tukauona ule mwingine.
Chini ya nyasi zilizolala, weupe hafifu
wa miaka ishirini na sita,
ukitoka konani sambamba na huu mpya,
kisha, ukikaribia katikati, ukipinda kuelekea mtoni
kiganja kimoja, viganja viwili,
na kurudi, kama mtu aliyekumbuka.
Timu za ugenini zililalamika. Marefa waliandika barua.
Vendelín alijibu kwamba uwanja wake una kiuno.

Bohdana alisimama, mpini mkononi.
Matúš akainama kufunga kiatu kilichokwisha kufungwa.
Kisha binti akarudi konani, akaanza upya,
bila kamba,
akifuata weupe ule wa zamani,
na pale katikati, naapa,
bega lake la kulia lilishuka kidogo.

Sasa tuna mistari miwili, na mechi ni kesho saa nane.
Matúš anasema mmoja ufutwe, kwa maji na ufagio.
Ufagio ameushika. Anauliza upi.
Hakuna anayemjibu.

Mimi nimerudi golini kukagua nyavu.
Panya wamekula mahali patatu. Napiga fundo,
napiga la pili, vidole vimekufa ganzi,
na kule kwenye duara la kati
udongo umeanza kutikisika.