Safu ya Maelezo

Daftari la vifo la kata ndogo yetu, hapa Jilore,
lina jalada jeusi, na uti wake niliushona mwenyewe
kwa uzi wa magunia.
Miaka kumi na tisa nimeandika humo.
Jina. Umri. Jinsia. Kijiji. Tarehe. Sababu.
Halafu pembeni kabisa, safu ya maelezo,
upana wake kidole kimoja, tena kidole cha mtoto.

Mtu mzima utamwingizaje hapo?

Nyevu wa Mulewa. Themanini, au zaidi. Uzee.
Sikupata pa kuandika kwamba kila Ijumaa
aliihesabu mikorosho yake akiitaja kwa majina,
na mmoja aliuita Hakimu,
maana ulizaa mara moja tu, mwaka aliposhinda kesi ya shamba,
kisha ukanyamaza.

Tsofa Ngowa. Arobaini na mbili.
Zahanati walitaka niandike "majeraha."
Nikaandika mamba. Sabaki nzima inajua ni mamba.
Alirudi majini kufuata dumu la lita ishirini,
dumu la kuazima.
Mwenye dumu hapiti tena mbele ya nyumba ile,
huzunguka na njia ya shule, jua likiwa utosini.

Mtoto wa Umazi. Siku tatu.
Mkubwa wangu aliona safu ya jina tupu, akafoka.
Nikamwambia: mama yake anasema jina lipo,
ila hatoi.

Mwalimu Jefwa Karabu. Sukari.
Ile *k* niliyoandikia "kifo" ni yake.
Alinishika mkono darasa la pili, akasema,
iteremshe mguu, bwana, isimame yenyewe.
Siku hiyo nilichana karatasi mbili.
Ya tatu, mguu ulisimama.

Mwaka mto ulipovunja kingo
niliandika saba kwa wiki moja
na kalamu ikaniishia kwenye "Mah",
Mahenzo ama Mahindi, sikumbuki tena.
Nimeulizia. Wapo watu wa nyumba zote mbili,
na kila nyumba inasema wetu yu hai.
Basi kuna mtu amelala humu ndani kwa herufi tatu.

Na Kabibi, binti wa Mwaringa,
aliyeondoka na sanduku jekundu kwenda kufua nguo za watu Arabuni
akarudi ndani ya sanduku jingine.
Cheti kilikuwa cha Kiarabu. Nikakipeleka kwa Ustadhi wa madrasa,
akakisoma mara mbili, akavua miwani.
"Wanasema moyo ulisimama."
Moyo wa nani hausimami?
Lakini safu inataka neno, nami mtumishi,
nikaandika: moyo ulisimama.
Kisha nikageuza ukurasa, kwa penseli, nyuma:
alikuwa akiogopa jogoo.
Alituma pesa ya bati. Bati limeezekwa.
Mvua ikinyesha babake hutoka nje.

Ndivyo nilivyoanza kuandika nyuma.
Si ruhusa, najua.
Nyuma ya Nyevu pana mikorosho thelathini na moja.
Nyuma ya Tsofa pana dumu.
Nyuma ya mtoto wa Umazi niliacha peupe,
nikapiga mstari tu, ulionyooka.

Juzi kaja kijana wa kaunti na kompyuta ya kiganjani.
Kazi yote itahamia humo, dakika mbili mtu kamalizika.
Nikamuuliza safu ya maelezo iko wapi.
Akatelezesha kidole, akatelezesha.
"Hiyo si lazima, mzee."
Aliomba maji ya kunywa, nikampa.
Hakuwa mtu mbaya.

Daftari limebaki na kurasa nne.
Asubuhi hii mtoto wa Mbeyu kasimama mlangoni,
kofia mkononi, matope ya kaburi kwenye viatu,
akaanza moja kwa moja: umri, tarehe, sababu,
kama aliyekariri njiani asije akalia.

Nikamwambia kaa kwanza.
Mamako alikuwa mtu wa namna gani?

Akafikiri sana.
"Mgomvi," akasema. "Hata na mvua aligombana."

Nikachonga penseli.