Kidato cha Saba

Kwetu Mlole mlima unaanzia kizingitini.
Ukimwaga maji ya kunawa mlangoni,
jirani wa chini, Mama Nyamwiza, anauliza nani kanawa.

Miaka arobaini mama alipanda hapo
kwa vishimo alivyochimba kwa ncha ya jembe.
Masika yakivifuta, naye akivichimba,
ndoo ya mawese kichwani,
vidole vya miguu vimeng'ang'ania udongo mwekundu
kama kuku juu ya tawi.

Mwaka juzi goti likamkataa.
Akateremka kwa makalio mbele ya wakwe.
Alinisimulia kwenye simu, anacheka.
Mimi sikucheka. Niliomba likizo Dodoma, nikapanda treni.

Fundi Ruhomvya alikuja na kamba, vigingi
na mpira wa maji wa mita sita.
"Maji hayana undugu na mtu," alisema,
akiangalia yalivyosawazika huku na kule.

Kirikuu ya mawe iligoma kwenye kona.
Tukayabeba moja moja, mgongo ukitutukana.
Tulianzia chini, maana jiwe la kwanza
ndilo linalobeba kesi za mengine yote.
Kokoto, shindilia. Mchanga, shindilia.
Kila jiwe likainamishwa mbele kidogo
mvua ipite, isikae kupiga soga.

Kimo hakukitoa kichwani mwake.
Alimwomba mama anyanyue mguu
mpaka goti liseme,
akatia alama ya mkaa kwenye fimbo:
"Kupita hapa ni dhuluma."

Hata hivyo cha saba kilizidi.
Vidole viwili. Mvua ilitukuta, tukaharakisha.
Asubuhi fundi akapima, akapima tena,
akatema mate pembeni, akashika nyundo.

Mama akalikalia jiwe.
"Mimi niliishia darasa la nne.
Waliosoma sana wanaishia kidato cha sita.
Leo nina cha saba, halafu mnivunjie?
Hapa nitatua ndoo. Nitapumua.
Nikitaka kunyanyua mguu, nitaunyanyua."

Huko juu, hadi jikoni, tukatandika pevingi
kwa mtindo wa mkeka,
tukafagilia mchanga kwenye nyufa hadi zikashiba.
Majirani wakaja kupanda bure na kushuka bure.
"Mpanda ngazi hushuka," akasema Mama Nyamwiza,
kijicho kikimchungulia.
"Ndiyo maana nimeijenga," mama akajibu.

Siku hizi usiku haulizi hodi ni ya nani.
Anasikiliza.
Wa nyumbani hunyanyua mguu bila kufikiri.
Mgeni husema, "Aa!"
Mwizi mmoja alijitambulisha hivyohivyo,
akaaga kwa adabu.

Desemba treni ilichelewa saa tisa.
Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.
Nilipanda na begi begani, nawaza chai,
nawaza migebuka, siwazi mawe.

"Aa!"

Kimya. Kisha sauti yake kutoka ndani,
tamu, bila kunyanyuka:
"Karibu mgeni. Hicho ni cha saba."

Kila mfuko wa saruji niliulipia mimi.
Nikakaa juu ya jiwe, kidole cha mguu mkononi.
Lilikuwa bado na joto la mchana,
na upande mmoja, pale anapotulia ndoo,
limeshaanza kung'aa kwa mawese.