Dakika Moja, Darasa la Tatu B

Saa yangu mkanda ulikatika tangu masika,
nimeufunga kwa uzi wa wavu, uzi wa kijani,
na kila asubuhi, kengele ya pili ikishalia,
naiweka mezani; watoto themanini na wawili
wanaikodolea kama paka akodoleavyo sato.

"Penseli juu."
Kimya. Hata bati la paa linaacha kulalamika.
"Haya."

Saba mara nane. Sita mara tisa. Nne mara saba.
Mkwaruzo kama wa kuku chini ya vichanja vya dagaa.
Dakika moja tu, basi. Si mtihani, niliwaambia,
hakuna fimbo, hakuna wa kwanza wala wa mkia.
Unashindana na wewe wa jana,
yule aliyekaa hapo hapo, dawati hilo hilo lenye msumari.
(Mimi saba mara nane niliipata kwa fimbo.
Hadi leo nikiitaja, kiganja kinawasha.)

Nyanjige jana kumi na moja, leo kumi na tatu.
Anatia nukta kwenye karatasi ya miraba
tuliyoichora nyuma ya kalenda ya duka la pembejeo,
nukta juu kidogo ya nukta,
ngazi ya sisimizi.

Mkaguzi alikuja, viatu vikajaa mchanga wa Igombe.
"Mwalimu, unafuga kasuku hapa.
Mtoto aelewe, asikariri."
Nikasema ndiyo mzee. Nilipaswa kumpeleka mwaloni
akamwone Mama Nyanjige akipasua sangara:
kisu kinapita penye mfupa bila kuuliza njia,
na yeye macho hayapo kwenye kisu,
yupo kwenye deni la chumvi, kwenye bei ya leo,
anamkatalia dalali shilingi hamsini hamsini, anacheka.
Angekuwa bado anakifikiria kisu
dalali angemla mzima.

Lakini niliyetaka kumtaja ni Lukelesha.
Ma. Shu. A.
I. Me.
Akifika mwisho wa neno, mwanzo umeshazama.
Sentensi kwake ilikuwa kuvuka maji kwa kukanyaga majabali,
na majabali yako mbalimbali, na miguu yake mifupi.
Nukta zake zilipanda siku kumi, kumi na mbili,
zikaporomoka, zikapanda, zikaporomoka,
nikamwita mvivu, Mungu anisamehe,
hadi usiku mmoja, nikisahihisha kwa tochi ya simu,
nikaona: ule haukuwa uvivu. Ulikuwa mwezi.
Mbalamwezi ikiwapo dagaa hawavuliwi, Lukelesha yupo darasani.
Giza likiingia yuko ziwani na mjomba, anashika taa,
anarudi wiki ya pili ananuka moshi,
na maneno yote yamemtoka kama maji ndani ya tenga.

Sikuweza kuzuia giza. Mjomba naye ana watoto sita.
Nikakata boksi la biskuti vipande ishirini,
neno moja kila kipande, nikavitia kwenye mfuko wa nailoni.
"Kabla nyavu hazijashuka. Dakika moja tu."
"Saa hatuna," akasema. "Mjomba atahesabu makasia."

Sijui kama walifanya. Vipande vilirudi kumi na saba,
vimelowa, kimoja kina magamba.

Jumanne alfajiri nikapita ufukweni kununua kitoweo.
Mtumbwi mpya ulikuwa umelazwa ubavu, rangi bado mbichi,
na Lukelesha mbele yake, ndoo kichwani,
anasoma herufi nyekundu kwa mkupuo mmoja,
kama mtu anayemeza mate:
ULISEMA NITAZAMA.
Akanyamaza kidogo.
Kisha akacheka, maji ya ndoo yakamwagikia mabegani,
akacheka peke yake, akatafuta wa kumwambia.

Saa imesimama tena. Kesho nitaazima ya mwalimu mkuu.