Mabonyeo

Mimi nimekabidhiwa mlango.
Wengine wana kuba na vioo vyake vya rangi,
Ezequiel kapewa ngazi za marumaru, magoti yamemwisha;
mimi, mlango: mabawa mawili, mbao ndani, bamba la shaba nje,
masuke ya ngano yamechongwa juu,
maana hii ilikuwa Benki ya Wakulima,
hapa Rosario, mitaa mitatu kutoka mtoni.

Kabla ya Krismasi litafunguliwa duka.
Chumba cha hazina, chenye kuta pana kuliko kitanda changu,
kitauza manukato.
Kwenye vidirisha vya makeshia, kila kidirisha na rangi yake ya midomo.
Mizani iliyopima dhahabu
itapima chokoleti, na bei, nasikia, haitapishana sana.

Msanifu, Bi Anzorena, hupita asubuhi na helmeti nyeupe.
"Haya mabonyeo," alisema, akiyagusa kwa ncha ya kalamu,
"yasawazishe. Wenye duka wanataka mlango
kama siku uliyotundikwa."

Arobaini na moja. Nimeyahesabu.
Arobaini kwenye kimo cha kifua cha mtu mfupi,
moja chini, peke yake.

Wahenga wana lao: mali bila daftari huisha bila habari.
Ya shangazi Nélida ilikuwa na daftari,
jalada la kijani, mihuri, sahihi mbili mbili,
miaka ishirini na miwili ya kushona sare za shule,
na ikaisha vilevile,
tena kwa habari: ilisomwa redioni,
tukila supu.

Kesho yake akaja hapa na sufuria ya maziwa.
Joto la Disemba, lami inanata viatuni,
watu wamejaa hadi kwenye uwanja wa kanisa.
Hakupiga kelele. Alibisha hodi,
kama unavyombishia jirani kiziwi
ambaye taa yake unaiona inawaka.
Hodi.
Jumatano hiyo, na Jumatano zote za mwaka uliofuata,
hodi,
hata sufuria ikawa haikai tena jikoni, inayumba.
Hakuna aliyeitika.

Sasa wameajiri kijana wa glavu nyeupe.
Nimemwona akifanya mazoezi mbele ya kioo.
Kazi yake yote, mshahara wake wote,
ni kusema karibu.

Bonyeo haliondoki kwa kusuguliwa.
Unabandua bamba,
unalilaza kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga,
unaligonga kwa nyuma,
upande uliokuwa ndani ya benki.
Nimefanya hivyo wiki nzima, nyundo ya mpira, polepole,
pigo langu pale pale pa pigo lake,
kutoka ndani.
Shangazi, kuna mtu.
Amechelewa, lakini yupo.

Jana nilimpigia simu.
Hakuuliza habari za kuba wala za marumaru.
"Sufuria wanauza?"
Wanauza. Ghorofa ya tatu, za shaba, mkono wa mti.
Bei sikumtajia.
Akacheka kana kwamba nimemtajia.

Limebaki lile la chini.
Nilikuwa na miaka tisa, nimebebeshwa mfuniko,
nikachoka kuubeba tu.

Bi Anzorena akiuliza, nitasema
shaba imezeeka pale, itapasuka.
Shaba haijazeeka.
Nimelisugua tu, linang'aa,
na dole gumba langu bado linaenea.