Kifungo cha Pili

Sauti sikuzisikia. Mashine ilinguruma
kama cherehani zote za Barabara ya Kumi na Mbili,
nami kijana wa kubadili mikanda,
jicho kwenye tundu lisilozidi kitumbua,
nikaitazama picha ile ya Kihindi mara ishirini na mbili,
bubu, toka majina hadi taa kuwaka.

Ndiyo maana stelingi hakunipata.
Alilia kwa uso mzima, nyusi, mashavu, mabega,
kama mtu anayelipwa kwa chozi.
Mwenzake, yule mwembamba mwenye pengo,
alilia kwa kisogo:
aliipa kamera mgongo,
mshipa mmoja ukakaza shingoni, basi.
Ukipepesa jicho, umeukosa.

Na pale mahakamani,
kosa la rafiki yake keshalibeba, polisi wanamngoja,
hasemi kitu. Anamsogelea stelingi
anamfunga kifungo cha shati, cha pili toka juu,
taratibu, kama mama anayempeleka mtoto chuoni.
Kidole gumba kinateleza.
Nilidhani kakosea. Mara ya tisa nikajua:
kosa lile kalifanyia mazoezi.
Na aliyeunga mkanda naye fundi,
hakukimbilia uso wa mtu.
Alikiacha kidole pale, akahesabu moja, mbili, tatu,
ndipo akakata.

Chini ukumbini Hizza wa Chumbageni
alisimama mbele ya viti vya shilingi mbili,
pazia nyuma yake, akiwapa watu tafsiri.
Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji.
"Anasema: nenda zako, ndugu yangu,
ugali wa serikali n'taula mie!"
Miluzi. Viatu juu ya mbao.
Wenye lugha yao, akina Jayaben wa duka la vitenge,
walicheka mpaka wakamnunulia soda.

Kisha zikaja kamba za mkonge, ghala la bandarini.
Tulizibeba wawili, usiku, robota tatu,
jasho lake likinidondokea begani.
Hakimu alimwona mmoja.
Akampa kifungo, miaka miwili, Maweni.
Mimi nilikuwa benchi la tatu,
mikono nimeibana mapajani.
Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na miguu pia.
Sikusimama.

Walipompitisha, akatua mbele yangu.
Askari akamwachia, sijui kwa nini.
Shati langu lilikuwa wazi, nilivaa mbiombio.
Akanifunga. Cha pili toka juu.
Kidole hakikuteleza.

Ukumbi ule sasa wanauza magodoro.
Mimi natengeneza redio Ngamiani,
na kila ninapoinamia waya mwembamba
linanirudia swali moja dogo, la ufundi tu:
Hizza siku zote aliipa picha kisogo.
Aliiona saa ngapi?