Kipimo

Kabla ya usingizi uliniuliza jambo moja,
si kisu, si damu, si kama utaamka:
"Dokta, sauti yangu utaiweka wapi?
Miye nauzisha sambaza pale Kadutu.
Hii koo njo kibanda yangu."

Nikacheka, kisha nikanyamaza.
Mkononi nilikuwa na mpira wa saba na nusu.
Nikaurudisha mezani, nikachukua wa sita na nusu,
nikaupitisha kati ya nyuzi zako mbili
kama baba avukaye chumba cha mtoto aliyelala,
viatu mkononi.

Kifuko chake tulizoea kukipima kwa kidole:
ukibonyeza, kikigoma, basi, kimejaa.
Kidole kina kiburi.
Leo nimeazima kipimo cha Sista Nabintu.
Mshale ukasimama kwenye sitini.
Sitini!
Na miaka yote ile, makoo mangapi?
Nikatoa hewa, tone kwa tone,
hadi ishirini na tano.

Snel ikakata umeme. Jenereta ikakohoa uani.
Wewe hukukohoa.

Saa tisa nikapita wodini.
Ulikuwa umeketi, kikombe cha maji vuguvugu magotini,
sauti imekwaruzika kidogo, upande mmoja tu, kama sahani ya bati:
"Dokta! Sambaza! Fungu franga elfu mbili!"
Wodi nzima ikageuka kutazama beseni lisilokuwepo.

Mfukoni sikuwa na kitu.
Nikanunua kwa deni,
mafungu matatu,
ya Jumatatu ijayo.